Neno na Mwenyewe

Twapenda mwezi huu kuwauliza ndugu wasomaji swali moja, nasi tutajaribu kulijibu kadiri tuwezavyo. Mtu akiandika neno, akalipeleka kwa watu wengi asiowaona, je, neno lile bado ni lake? Au likiisha kutoka mkononi mwake amekwisha kuachana nalo, kama mtu atupaye ganda la ndizi njiani, na atakayeteleza na ateleze?

Swali hili si la watu wa mjini peke yao. Siku hizi ni vigumu kukuta kijiji, toka Mombo mpaka Mkata, toka Bungu mlimani mpaka Kwamkono, kisicho na watu wa kuandika na kusoma kwa simu. Mkulima aliyeacha shule darasa la saba, na ambaye tangu siku ile hakushika kalamu ila kwa kutia sahihi, leo aweza kuandika maneno mengi kwa juma moja kuliko baba yake alivyoandika maisha yake yote. Jambo hili ni kubwa. Mtoto hufundishwa kusema kweli kwa ulimi wake tangu yu mdogo. Kwa kidole chake huachwa ajifunze mwenyewe.

Ili kulifikiri swali hili vema yafaa tukumbuke kitu kimoja kilichostawi kwa miaka michache katika nchi yetu, na sasa kimefifia sana, nacho ni blogu. Wengi walio vijijini hawakuijua, maana wakati wa kustawi kwake simu za kusomea zilikuwa chache, ikawa kazi ya watu wa ofisini na ya wale waliokaa ng'ambo. Basi tueleze. Blogu ni ukurasa wa mtu mmoja katika intaneti. Mwenyewe huupa jina, huandika na jina lake, kisha kila apatapo nafasi huweka humo makala, na kila makala ina tarehe yake. Iliyo mpya hukaa juu, na zile za zamani hukaa chini yake kwa taratibu ya miezi na miaka, hata msomaji aweza kurudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Chini ya kila makala pana nafasi ya kujibu. Ni kama nyumba yenye baraza. Mwenye nyumba ajulikana. Mgeni hupiga hodi, huketi, husikiliza, na akiwa na la kusema husema. Naye akileta matusi mwenye nyumba humwondoa.

Katika Kiswahili, aliyejulikana mapema kwa kazi hii ni Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akikaa Marekani. Mwaka 2004 alianza ukurasa wake aliouita Jikomboe. Hakutosheka kuandika peke yake, bali aliwahimiza na wenzake wajaribu. Mmoja wao ni Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, aliyeanza wake mwaka 2005, nao ukawa mashuhuri sana, hasa kwa Watanzania walio mbali waliokuwa na njaa ya kuona sura za nyumbani. Mwalimu Joseph Mbele, Mmatengo aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi katika chuo cha St. Olaf huko Minnesota, aliuita wake Hapa Kwetu, akaandika humo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza juu ya vitabu na elimu na tabia za watu. Anayetaka kujua alifikiri nini mwalimu yule katika mwaka fulani, aende akasome mwaka ule.

Na Kenya ulikuwapo ukurasa mmoja uliofanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Machafuko yalipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Serikali ya kule ilikataza redio na televisheni kutangaza mambo papo hapo yanapotokea. Mwanasheria mmoja, Ory Okolloh, alikuwa na blogu yake, na watu wakaanza kumletea habari za mambo waliyoyaona mahali pao. Akaandika humo kuuliza kama wako mafundi wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha kila tukio na mahali pake. Wakatokea. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa mwezi Januari 2008 kazi iitwayo Ushahidi, ambayo tangu hapo imetumiwa na nchi nyingi katika matetemeko ya ardhi na uchaguzi. Chanzo chake ni mtu mmoja mwenye jina, aliyekuwa na mahali panapojulikana, ambaye wasomaji walikuwa wamekwisha kumzoea, wakamsadiki.

Kisha watu wakahamia kwingine. Facebook, WhatsApp, Instagram na TikTok hazifanani na nyumba. Ni soko, tena soko lisilofungwa usiku. Walakini tusizidharau. Mama wa Sindeni ambaye mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam husikia sauti yake jioni, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kwenda senta. Mtu akifariki hospitali, habari hufika kwa ndugu wote kabla jua halijachwa, nao huwahi maziko. Mchango huchangwa. Mkulima huuliza bei ya mahindi katika soko la Manundu kabla hajapakia gunia. Hayo yote blogu haikuyafanya hata siku moja, wala haikukusudiwa kuyafanya. Mtu aliyesoma akija kumlilia blogu mbele ya mama huyu, mama atamtazama tu, naye atakuwa na haki.

Wala maongezi ya sokoni si dhambi. Mwanadamu ameumbwa aongee, na maneno mengi ya siku yafaa yapite pamoja na siku. Shida ni kwamba maneno yaliyostahili kukaa nayo yamepelekwa sokoni, na sokoni hakuna kinachokaa. Mwalimu aonaye jambo la kufikirisha, ambaye zamani angeketi juma zima akaliandika kurasa tatu, leo huliandika mistari mitano akalitia katika kundi la watu mia mbili. Wanane hulisifu kwa alama ya dole gumba. Saa moja baadaye limefunikwa na tangazo la kuku, na la nyumba ya kupanga, na picha ya mtu asiyejulikana aliyepotea Morogoro. Kesho mtu akiuliza yule mwalimu alisema nini, hapana awezaye kumwonyesha.

Tusidhani ya kuwa wenye blogu waliziacha kwa uvivu tu. Mwezi Machi 2018 Serikali ilitoa kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, ikisema ya kuwa yataka kuzuia uongo na matusi. Kila mwenye blogu alitakiwa kupata leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano: shilingi 100,000 za kuomba, shilingi 1,000,000 za leseni yenyewe, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Mwenye biashara ya habari aweza kuzipata. Lakini mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akiandika bure kwa kupenda, shilingi 2,100,000 kwake ni mshahara wa miezi kadhaa. Wako waliokwenda kushtaki katika Mahakama Kuu ya Mtwara, wasifanikiwe, na mwezi Juni mwaka ule wasiosajiliwa wakaamriwa kusimama. Kanuni zile ziliondolewa mwaka 2020 zikawekwa nyingine mahali pake. Walakini wageni wakiisha kuzoea njia nyingine, kufungua mlango tena hakuwarudishi. Nasi twaona ajabu moja katika habari hii. Aliyeandika kwa jina lake, mahali panapojulikana, penye tarehe, ndiye aliyetakiwa leseni. Aliyerusha uongo usio na jina katika kundi la simu hakutakiwa leseni yo yote.

Lakini sheria si sababu yote, maana Uingereza na Marekani hawakuwa na sheria ile, na blogu za watu binafsi zimefifia huko vile vile. Iko sababu ya ndani, nayo ni hesabu. Mwenye blogu aliyeandika usiku kucha alisomwa na watu sitini. Rafiki yake akaweka Instagram picha ya sahani ya wali, akapata sifa mia nne. Yataka moyo mgumu kuendelea kuwaandikia sitini. Tena, na hili tuliseme pasipo kuwaonea haya, blogu nyingi zilikuwa zimeanza kuoza kabla ya leseni na kabla ya Instagram. Wenyewe waliacha kuandika wakaanza kunakili. Habari moja ya gazeti ulikuta imebandikwa katika blogu kumi, kwa maneno yale yale na makosa yale yale, na kando yake matangazo ya biashara. Nyumba ya namna hiyo haina mwenyeji; ikibomoka, jirani hatambui.

Sasa turudi kwenye swali letu.

Mtume Paulo hakuziandika nyaraka zake zote kwa mkono wake. Ule wa Warumi mkono ulikuwa wa Tertio, naye Tertio hakujificha. Alitia salamu zake humo humo kwa jina lake. Lakini akifika mwisho wa waraka Paulo alitwaa kalamu mwenyewe akaandika salamu, na Wathesalonike aliwaambia ya kuwa hiyo ndiyo alama yake katika kila waraka. Wagalatia aliwaonyesha hata ukubwa wa herufi zake. Mtu mwenye shughuli kama zile, mwenye minyororo na safari na makanisa mengi ya kutunza, kwa nini alijisumbua kwa jambo dogo kama mwandiko? Sababu yake imo katika waraka ule ule wa pili kwa Wathesalonike. Watu wale walikuwa wametiwa hofu kwa habari ya kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na Paulo aliona ya kuwa huenda hofu ile imeletwa na barua iliyosemekana kuwa imetoka kwake. Yaani katika karne ya kwanza, kabla ya mashine ya kuchapa na kabla ya umeme, Kanisa lilikwisha kupata ujumbe wa kurushwa, usio na mwenyewe, wenye kutisha watu kwa habari ya mwisho wa dunia. Dawa ya Mtume haikuwa kuwakataza watu wasiandikiane. Alitia mkono wake, ili kila mtu ajue neno lipi ni lake na lipi silo.

Na tutazame desturi yetu. Katika ugonjwa wa korona, mwaka 2020, ujumbe mwingi ulipita katika simu za vijiji vyetu ukitaja dawa hii na ile, nao ulisema kwamba umetoka kwa daktari. Daktari gani? Wa hospitali gani? Ukimwuliza aliyekuletea, jibu lake ni moja: nimetumiwa. Ukimwuliza aliyemtumia, naye ametumiwa. Waweza kupanda hivyo mpaka juu ya Usambara usimkute baba wa neno lile. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari yake, hata mwezi Aprili mwaka ule wakaweka kizuizi, ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi usiweze kupelekwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Hilo lilipunguza mwendo. Neno lenyewe lilibaki bila baba.

Twaona ya kuwa katika neno nimetumiwa umejificha udanganyifu ambao watu wema hawautambui. Mtu asemaye hivyo hajioni kuwa amesema lo lote. Ajiona kama mti ambao upepo umepita juu yake. Lakini simu haikupitisha yenyewe. Ni yeye aliyesoma, akaona lafaa, akachagua kundi, akabonyeza. Mtu akipokea noti bandia bila kujua, amedhulumiwa. Akiitoa dukani bila kuitazama, kwa kuwa naye amepewa, mwenye duka hatamsamehe kwa maneno hayo. Na neno lina thamani kuliko noti.

Basi jibu letu la kwanza ni hili: neno lililoandikwa bado ni la mwenyewe, hata likiwa limefika asikokujua, na anayelipitisha amelipokea kuwa lake pia. Blogu, pamoja na upungufu wake wote, ilikuwa chombo kilichomkumbusha mwandishi jambo hilo kila siku. Jina lake lilikuwa juu, tarehe ilikuwa pale, na maneno yake ya mwaka juzi yalikuwa hatua chache chini ya maneno yake ya leo, yakimtazama. Alipogeuka na kusema kinyume, msomaji ye yote aliweza kumwuliza kwa nini umegeuka. Mtu aandikaye penye macho ya namna hiyo huandika polepole.

Lakini yako maswali mawili ambayo msomaji mwenye akili atatuuliza, wala si mepesi.

Atasema, mbona mara nyingine kuficha jina ni jambo jema? Maskini akiandika jina lake chini ya habari ya wizi wa mkubwa wake, kesho hana kazi. Ni kweli. Hapa kwetu JamiiForums, baraza la mtandaoni lililoanza mwaka 2006, lilijengwa na watu waandikao kwa majina ya kupanga, na mambo kadhaa ya ufisadi yalijulikana kwanza humo. Polisi walipotaka kujua watu fulani walioandika humo ni akina nani, mkurugenzi wake, Maxence Melo, alikataa kuwataja. Alikamatwa Desemba 2016, na mwaka 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, akatozwa faini. Sisi si waamuzi wa kesi ile. Twataka tu wasomaji waone ilivyokuwa: wageni walificha majina, lakini mwenye baraza hakuficha lake. Mahali palikuwa na mwenyewe, naye alisimama mbele ya hakimu kwa ajili ya maneno ambayo hakuyaandika. Neno lile halikuwa yatima. Tena yako tofauti kubwa kati ya mtu afichaye jina lake kwa sababu amwogopa mwenye nguvu aliyekosa, na mtu afichaye jina apate kumwaibisha binti wa jirani asiye na nguvu yo yote. Wa kwanza ajificha kwa mwenye upanga. Wa pili ajificha kwa mtu aliyemjeruhi. Hao wawili wasipewe jina moja.

Na swali la pili: je, wenye majina hawasemi uongo? Husema, tena kwa ufasaha. Jina halifanyi uongo kuwa kweli. Faida yake ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni faida: neno lenye mahali pake laweza kurudiwa. Mwenye blogu akikosea mwaka wa jambo au jina la mtu, msomaji humwambia pale pale chini ya makala, naye husahihisha pale pale, na atakayekuja baada ya miaka mitano atayaona yote mawili, kosa na sahihisho lake. Ujumbe uliorushwa haufuatwi. Umsahihishe nani? Maji yamekwisha kumwagika katika simu elfu, na baada ya miezi sita, mtu asiyekuwapo mara ya kwanza atauleta tena kama habari ya leo. Picha ya daraja lililochukuliwa na mafuriko ya zamani huzuka kila masika, na kila masika yuko mtu wa Korogwe ampigiaye simu nduguye wa Handeni kumwuliza kama barabara ipo.

Mpaka hapa tumesema juu ya wajibu wa mtu kwa neno alilolisema. Lakini uko wajibu mwingine, ambao twaona ndio unaotugusa zaidi sisi wa nchi hii, nao ni wajibu kwa neno ambalo mtu amelijua na hajalisema.

Nchi yetu ya Bonde na Uzigua na Usambara haikuwa maskini wa waandishi. Katika miaka ya 1890 wamisioni wa Magila walianza kuchapa gazeti la Habari za Mwezi, na Tanga, katika shule ya Serikali ya Wajerumani, lilichapwa Kiongozi mpaka vita vilipolikomesha. Walimu wa vijiji waliandika kwa magazeti hayo mambo ya mahali pao: mvua, nzige, shule, misiba, safari. Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyekuwa liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, toka Mbega alipotoka Nguu mpaka ufalme wa Vuga ulipogawanyika, na wamisioni wa Magila ndio walioichapa. (Jambo hilo la Waislamu na Wakristo kusaidiana kwa kitabu lastahili makala yake peke yake.) Kikachapwa tena mwaka 1962. Martin Kayamba, mtu wa Bonde, alipelekwa London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Na mwaka uliofuata akatoa kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Lau asingaliandika, leo tungalijua safari ile kwa karatasi za Waingereza tu, nazo zingalituambia aliyoulizwa Kayamba, si aliyoyaona Kayamba. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tulete jambo la siku zetu. Tangu mwezi Juni 2022 Serikali ilianza kuhamishia katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, jamaa za Wamasai kutoka Ngorongoro, safari ya kilomita kama 600. Habari hiyo ilizunguka dunia yote. Wengine walisema watu wamehama kwa hiari yao na wamejengewa nyumba. Wengine walisema wamesukumwa. Wenyeji wa Msomera waliokuwapo tangu zamani nao wakawa na manung'uniko yao juu ya mashamba. Picha na video za kila upande zilijaa katika simu, na watu wa Ulaya ambao hawajui Handeni iko wapi wakawa na maneno mengi ya uhakika juu yake. Hatutaki hapa kuamua nani ana haki. Twauliza hili: ni nani aliyeko pale pale, mwalimu au mkatekista au mganga wa zahanati, aandikaye mwezi kwa mwezi kwa jina lake na kwa tarehe, namna watu wanavyokaa pamoja? Maji ya lambo yalitosha mwezi gani, na mwezi gani hayakutosha? Mpaka wa shamba ulipogombewa, wazee walikaa wapi, walisema nini? Maziwa yauzwa bei gani tangu ng'ombe waongezeke? Mtoto wa Kizigua na mtoto wa Kimasai wakiketi dawati moja, wakati wa kucheza huongea lugha gani? Mambo hayo hayapati sifa mia nne. Mwandishi wa mbali hawezi kuyajua, na aliyeko karibu huyaona ni ya kawaida mno. Ndiyo yatakayotafutwa baada ya miaka hamsini na kukosekana.

Mtu asiseme ya kuwa hayo yamo katika makundi ya simu, siku moja yatakusanywa. Hayatakusanywa. Simu huibiwa, huanguka majini, hujaa ikafutwa. Na wenye mitandao hawakutuahidi kututunzia. Google Plus ilifungwa mwaka 2019, na kila kilichowekwa humo na watu wa kawaida kikafutwa. Mwaka ule ule Myspace walitangaza kuwa wamepoteza nyimbo na picha za miaka kumi na miwili. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiliwa katika Tanzania, na aliyekuwa ameweka humo maneno yake yote akajikuta nje ya mlango. Hata blogu nyingi, tuseme kweli, zilijengwa katika viwanja vya kupanga. Mwenye kiwanja akitaka kiwanja chake, nyumba haina la kujibu.

Kwa hiyo hatusemi turudi kwenye blogu kana kwamba ndiyo safina. Mwenye kuiweza na aiandike, afuate na kanuni zilizopo. Asiyeiweza asiseme amezuiwa kuandika. Baruku, mwandishi wa Yeremia, alikuwa na gombo moja tu. Mfalme Yehoyakimu aliketi penye moto wake, maana ilikuwa baridi, akalikata kwa kisu kila liliposomwa, akatupa vipande motoni mpaka likaisha. Yeremia na Baruku hawakwenda kulilia gombo. Waliketi wakaandika jingine, wakayaweka humo yale yote yaliyoungua, na zaidi ya hayo wakaongeza maneno mengine mengi.

Vivyo hivyo mwalimu wa Msomera, au wa Kideleko, au wa Magoma, aweza kuanza na kurasa mbili za daftari kwa mwezi, zenye jina lake, mahali alipo na tarehe. Akiisha kuandika, na apige picha kurasa hizo kwa simu ile ile, ampelekee mtu mmoja aliye mbali azihifadhi, na nakala moja aiweke katika sanduku la parokia pamoja na vitabu vya ubatizo, ambavyo vimekaa salama miaka mingi kuliko mtandao wo wote. Kwa mwendo huo daftari la kurasa 96 lamtosha miaka minne, na bei yake haifiki ile ya kilo moja ya sukari.